Kufundisha Namba za Njia Dhahania kwa Karatasi na Chaki

Mwalimu mtarajiwa anayejiandaa kufundisha habari za mawasiliano mara nyingi hudhani kwamba kila ujumbe upitao mtandaoni hubeba namba moja ya njia, toka mwanzo wa safari hadi mwisho. Dhana hiyo hatuna budi kuirekebisha mapema, kwani ikishaota mizizi vichwani mwa watoto ni vigumu kuing'oa.

Zamani opereta wa simu aliunganisha waya kwa waya, na waya ule ukawa wa wasemaji wawili mpaka wamalize. Katika kanuni za X.25, zilizotolewa mwaka 1976, waya mmoja ulibeba mazungumzo mengi yaliyokatwa vipande, na kila kipande kikabandikwa namba ya njia yake. Njia hiyo twaiita dhahania kwa kuwa haina waya wake yenyewe. Imo katika madaftari ya swichi tu.

Kwa shule za Kitangari na vijiji jirani twapendekeza zoezi lisilohitaji umeme. Wanafunzi wanne wasimame mstari mmoja, nao waitwe Newala, Masasi, Lindi na Dar es Salaam. Wa tano, Kilwa, asimame kando ya Lindi. (Huu ni mchezo, si ramani ya nyaya.) Newala na Masasi wapatane namba 3. Masasi na Lindi wanaitumia 3 kwa shughuli nyingine, basi wachague 7. Lindi na Dar es Salaam wachukue 3. Masasi aandike daftarini: “3 toka Newala, 7 kwenda Lindi.” Karatasi ikifika na 3, aifute namba hiyo, aandike 7, aipitishe mbele.

Hapo mwalimu aulize: mbona 3 ya kwanza na 3 ya mwisho hazigongani? Watoto waachwe wabishane. Kila darasa lina mtoto namba 3 katika rejesta yake, wala hakuna anayeshangaa. Namba ni mapatano ya majirani wawili. Ndiyo maana X.25 ilitosheka na namba zisizozidi 4,095 kwa kila waya. Swichi za leo zifuatazo kanuni za MPLS zina nafasi ya namba zaidi ya milioni moja, lakini kufuta na kuandika upya ni kulekule.

Je, majirani wakichagua namba ileile kwa wakati mmoja? Katika X.25 mteja alianzia namba kubwa akishuka, mtandao ukaanzia ndogo ukipanda.

Kufunga njia ndiko kwenye hatari. Masasi apeleke karatasi ya kufunga, angoje jibu la Lindi, ndipo 7 iwe huru. Kisha kanuni ivunjwe makusudi: Masasi aitoe 7 kwa ujumbe wa Kilwa kabla Lindi hajafuta mstari wa zamani. Lindi atafuata daftari lake kwa uaminifu, na barua ya Kilwa itaishia mikononi mwa Dar es Salaam. Mwalimu asiseme kosa liko wapi. Awaache wafungue madaftari walitafute.