Nunua Mita, Usinunue Wati

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye makini akitumia sekunde moja na nusu kutambua kilicho mbele yake na kukanyaga breki, ameshapita mita 33 kabla breki hazijashika. Pikapu ya zamani yenye mzigo, ikiwa breki zake zinapunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, huhitaji mita nyingine 49 mpaka isimame. Jumla mita 82. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, jumla hiyo hushuka hadi mita 40.

Mwenye pikapu anayefikiria kubadilisha taa aanze na namba hizo mbili, 82 na 40, kabla hajaingia duka la spea. Dukani ataulizwa anataka taa kali kiasi gani. Swali linalomhusu ni jingine: atamwona mtu akiwa umbali gani, na kila mita anayoongeza inamgharimu shilingi ngapi?

Buigiri, wilayani Chamwino, ni mahali pazuri pa kufanyia hesabu hii. Barabara kuu ya Dodoma–Morogoro inapita hapo, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 magari yameongezeka. Mwaka 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo giza haliwapunguzii tena wenye pikapu magari ya kupishana nayo. Ukiacha lami kuelekea Mvumi au Handali kuna vumbi, mifugo inayochelewa kurudi zizini, baiskeli zisizo na taa. Jua huzama kati ya saa 12 na nusu hivi na saa 1 jioni mwaka mzima, na shughuli za watu haziishi jua linapozama.

Tena Buigiri ina shule ya msingi ya wasioona, iliyoanzishwa mwaka 1950 chini ya kanisa la Anglikana. Sehemu nyingine dereva hujipa moyo kwamba mtembea kwa miguu ataona taa na kusogea pembeni. Hapa dhana hiyo haifai hata kidogo. Anayetembea na fimbo nyeupe atasikia injini, lakini kazi ya kuona ni ya dereva peke yake, na mita ambazo taa hazikufika hakuna mwingine wa kuzifidia.

Tuchukue pikapu ambayo wengi wanaifahamu: Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile yenye taa mbili za duara za inchi 7. Balbu yake ni H4, yenye nyuzi mbili ndani, wati 60 kwa fulu na wati 55 kwa dimu. Aina hii imekuwapo tangu mwaka 1971, na kiwango chake kinajulikana: ikipata volti 13.2 hutoa takriban lumeni 1,650 kwenye fulu na 1,000 kwenye dimu. Hesabu zote zinazofuata ni za gari la volti 12. Baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani ni za volti 24, kwa hiyo angalia betri zako kwanza.

Sharti la volti 13.2 ndilo linaloamua mambo. Mwanga wa balbu ya waya haushuki sawasawa na volti. Hushuka kwa kasi zaidi, takriban kwa kipeo cha 3.4. Balbu ikipata volti 12 badala ya 13.2, mwanga unabaki asilimia 72. Ikipata volti 11, unabaki asilimia 54, na hapo balbu ni nzima, haijaungua, dereva hana habari.

Volti hizo hupotelea njiani. Katika magari mengi ya zamani umeme wa taa hutoka kwenye betri, huingia ndani hadi kwenye swichi ya usukani, kisha hurudi mbele. Waya wa shaba wa milimita 0.85 za mraba wenye urefu wa mita 5 una ukinzani wa takriban omu 0.10. Dimu mbili hula wati 110, yaani ampea 9 na kitu. Waya huo pekee unakula karibu volti 1. Ongeza swichi iliyochoka, soketi zilizoungua rangi, na waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi yenye kutu, na kupata volti 11 kwenye balbu si ajabu. Hakuna haja ya kubahatisha: washa injini, washa taa, weka kipima volti kwenye miguu ya balbu yenyewe, siyo kwenye betri. Hiyo ni kazi ya dakika 10 kwa fundi umeme wa magari.

Volti si hasara pekee. Nyuma ya balbu kuna rifleta, ile sahani inayong'aa ambayo hukusanya mwanga na kuutupa mbele. Ikiwa mpya hurudisha takriban asilimia 85 ya mwanga. Vumbi likishaingia, maji ya mvua yakaingia, utando wake ukafifia, tuseme ikabaki inarudisha asilimia 50, unapoteza sehemu nne kati ya kila kumi za ulichokuwa nacho. Sugua kioo cha nje uwezavyo, hasara hiyo iko ndani.

Sasa tugeuze mwanga kuwa mita. Nitachukua kwamba dimu iliyo nzima inamfichua mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa mita 60, na kwamba umbali wa kuona hufuata kipeuo cha pili cha mwanga, kwa sababu mwanga hutawanyika kadiri unavyokwenda mbali. Ni hesabu ya takriban, lakini inatosha kulinganishia. Pikapu yenye volti 11 na rifleta ya asilimia 50 inabaki na theluthi moja tu ya mwanga wake. Mita 60 zinakuwa 34. Kwa mita 34, mwendo salama wa pikapu ile yenye mzigo ni kilomita 45 kwa saa. Dereva wake anayekwenda 80 kwa dimu anaendesha mita 48 mbele ya macho yake.

Bei hutofautiana kati ya Dodoma mjini, Morogoro na Kariakoo, kwa hiyo hapa naweka bei za mfano. Weka zako mahali pake, njia ya hesabu haibadiliki. Taa mbili mpya za duara, kioo na rifleta pamoja, Sh 90,000. Rilei mbili, za kupeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye taa bila kupitia swichi, pamoja na soketi zake, Sh 24,000. Mita 8 za waya wa milimita 4 za mraba Sh 24,000. Fyuzi mbili na vishikio Sh 8,000, soketi mbili za balbu zinazostahimili joto Sh 14,000, vichwa vya waya na tepu Sh 6,000. Fundi Sh 40,000. Balbu mbili za H4 za wati za kawaida, za kampuni inayoaminika, Sh 30,000. Yote Sh 236,000.

Ukibadilisha waya, rilei na balbu peke yake, kwa Sh 146,000, volti zinapanda hadi 13 na umbali unatoka mita 34 hadi 45. Kila mita imekugharimu zaidi ya Sh 13,000. Ukiongeza rifleta mpya kwa Sh 90,000, unatoka 45 hadi 58, na kila mita hapo ni chini ya Sh 7,000. Watu wengi huanza na balbu kwa sababu ndiyo rahisi kushika mkononi na kulinganisha ukali, kumbe katika gari lililozeeka rifleta ndiyo yenye mita za bei nafuu zaidi. Na kama vifungo vya hasi vina kutu, kuvikwangua kwa msasa na kuvikaza ni mita zinazopatikana kwa gharama ya msasa.

Kuhusu rilei, fundi azingatie jambo moja. Toyota nyingi za umri huo huwasha taa kwa kukatia upande wa hasi: chanya iko kwenye balbu muda wote, swichi ndiyo inayofungua njia ya kwenda bodi. Mchoro wa rilei uliotengenezewa gari lenye kukata chanya ukiunganishwa humo bila kubadilishwa utaleta taa zinazowaka kinyume, au zisizozima. Rilei na fyuzi zikae karibu na betri, na waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba. Waya mgumu wa nyumba hauvumilii mtikisiko wa barabara ya vumbi.

Kuna gharama ya baadaye inayotakiwa kusemwa wazi. Uhai wa balbu hushuka volti zinapopanda, na hushuka kwa kasi kubwa, karibu kipeo cha 13. Balbu iliyokuwa ikidumu miaka 3 kwenye volti 11.5 itadumu takriban nusu mwaka kwenye 13.2. Haikuharibika, ilikuwa inaishi muda mrefu kwa sababu ilikuwa haifanyi kazi yake. Kwa mfano wetu hiyo ni Sh 60,000 kwa mwaka, na mwenye gari aiweke kwenye bajeti kama anavyoweka oili. Kwa sababu hiyohiyo sishauri balbu zinazotangazwa kuwa na mwanga wa ziada wa asilimia mia na kitu: hupata mwanga huo kwa kuchoma uzi wake haraka.

Njia ya mkato inayopendwa ni balbu ya wati 100 kwa 90. Kwenye waya uleule wa zamani, dimu mbili za wati 90 huvuta ampea 15. Volti zinazopotea njiani zinatoka karibu 1 hadi 1.5, na joto ndani ya waya linatoka wati 9 hadi wati 23. Unalipia wati zaidi ili sehemu yake iyeyushe soketi.

Balbu za LED zinazochomekwa mahali pa H4 zinahitaji maneno makali zaidi. Ukiona boksi limeandikwa wati 40 na lumeni 20,000, gawanya: lumeni 500 kwa kila wati. Mwanga mweupe hauwezi kuzidi takriban lumeni 350 kwa wati hata katika nadharia, na LED nzuri za kawaida hutoa karibu 100. Boksi hilo lina lumeni 4,000 kama lina bahati. Tatizo kubwa zaidi ni umbo. Rifleta ya H4 ilichongwa kwa ajili ya uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja mahususi. Chanzo kikisogea au kikinenepa, mwanga hauangukii barabarani, unapanda kwenye macho ya anayekuja. Anayekuja akipofuka kwa sekunde 3 tu, kwa kilomita 80 amekwenda mita 67 bila kuona, naye anakuja upande wako. Wanaosema LED zinaokoa mafuta wanasema kweli, ila kiasi chenyewe ni lita 3 na nusu hivi kwa saa 100 za kuwasha taa. Taa kamili ya LED ya inchi 7, iliyoundwa na lenzi yake na yenye alama ya viwango, ni kitu kingine na ni nzuri, lakini bei yake huwa mara kadhaa ya hesabu yetu yote.

Kabla ya kulipia taa yoyote iliyotumika, tafuta alama ya herufi E ndani ya duara kwenye kioo chake. Taa ya viwango hivyo iliyotengenezewa nchi za kuendesha kushoto, kama yetu, ina mshale. Ukisimama mbele ya gari unaitazama taa, mshale huelekea mkono wako wa kulia. Yenye alama hiyo bila mshale ni ya kuendesha kulia. Ndivyo zilivyo taa za magari mengi yaliyoundwa kwa soko la Dubai: mwanga wake wa dimu hunyanyuka upande wa anayekuja, na huacha gizani ukingo wa barabara wanakotembea watu.

Nimeacha mwishoni kazi isiyohitaji spea yoyote, nayo ndiyo inayopuuzwa kuliko zote: kusetisha taa. Taa ikiwa na urefu wa sentimita 90 kutoka chini, na dimu ikashuka kwa asilimia 1.5, ukingo wa mwanga unagusa barabara mita 60 mbele. Ikishuka asilimia 3, unagusa mita 30, na Sh 236,000 zote zimemulika matope. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare, pima urefu wa katikati ya taa, kisha weka ukingo wa mwanga sentimita 15 chini ya urefu huo.

Kisha pakia mzigo. Pikapu ikibeba magunia kumi ya mahindi kutoka Kibaigwa au makreti ya zabibu za Chinangali, nyuma inazama. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma katika Land Cruiser 75 ya mfululizo huo ni mita 2.98. Nyuma ikishuka sentimita 6 tu, mwili mzima umeinama asilimia 2, na dimu iliyokuwa ikishuka asilimia 1.5 sasa inapanda nusu asilimia. Mita 50 mbele, ukingo wa mwanga uko mita 1.15 kutoka chini, usawa wa macho ya dereva wa gari dogo. Ukisetisha ukiwa na mzigo, siku gari likiwa tupu mwanga unaishia mita 26. Magari mengi mapya yana kitufe cha kushusha na kupandisha taa. Kwenye hili la zamani, hesabu mizunguko ya skrubu ya juu kati ya hali mbili, weka alama mbili za rangi, na bisibisi ikae garini.

Hata baada ya yote haya dimu inafika mita 58, na mita 58 zinatosha kilomita 64 kwa saa, si 80. Mwendo wa 80 usiku ni wa fulu na barabara tupu. Gari likija mbele na fulu ikashuka, mguu nao ushuke.

Wenye pikapu wa kijiji kimoja wakinunua pamoja, roli moja ya waya ya mita 100 inatosha magari 12 kwa mita 8 kila moja, na fundi mmoja anaweza kuyapanga yote kwa mchoro mmoja. Kwa bei zetu za mfano magari hayo 12 ni Sh 2,832,000. Ng'ombe wawili wa Sh 1,000,000 kila mmoja waliogongwa kwenye lami, na rejeta moja, vinatosha kuikaribia jumla hiyo.