Ushupavu wa Neodimi

Fungua diski kuu ya kompyuta iliyoharibika. Pembeni, ndani, utakuta kipande kinachong'aa, kimepinda kama mwezi mchanga, kimeganda kwenye bamba la chuma. Sogeza bisibisi uone inavyovutwa mkononi. Ukipata viwili usiweke kidole katikati. Ngozi hubanwa mpaka damu ikavilia. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya uzito wa kipande hicho ni chuma, kilekile cha msumari. Msumari nao ukiusugua kwa sumaku huvuta pini, lakini ugonge mara chache tu, nguvu imekwisha.

Siri iko kwenye elektroni, maana kila elektroni ni kisumaku kidogo. Katika chuma, zinazobeba usumaku huzurura kutoka atomu hadi atomu, na zilizo nyingi huelekea upande mmoja. Hapo ndipo nguvu inapotoka. Ila chuma hakijali sana upande wenyewe ni upi, ukikisukuma, kinageuka.

Neodimi, metali iliyochanganywa na chuma katika kipande kile, haigeuki kirahisi. Elektroni zake 3 za usumaku zimejificha ndani ya atomu, chini ya tabaka nyingine, wala hazishiriki kuunganisha atomu. Wingu lao si duara kama chungwa, limebonyea kama chapati nene. Usumaku wake umefungamana na umbo hilo, hivyo huwezi kuugeuza bila kuligeuza wingu zima, na chaji za atomu jirani ndani ya fuwele hulizuia. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa metali nyingine, gadolini. Iweke mahali pa neodimi, na sehemu kubwa ya ushupavu inapotea, kwa sababu elektroni zake 7 hufanya wingu la mviringo kamili, na tufe halina ubavu wa kulishikia.

Kabla ya sumaku za neodimi, zilizo bora zilikuwa za samari na kobalti. Mwaka 1978 vita viliingia Kolwezi, penye migodi ya kobalti, mkoani Shaba, Zaire, na bei ya kobalti ikapaa. Watafiti wakarudi kwenye chuma. Mwaka 1983 Masato Sagawa nchini Japani na John Croat nchini Marekani, kila mmoja kivyake, walitangaza mchanganyiko uleule: atomu 2 za neodimi, 14 za chuma na 1 ya boroni.

Adui wa mchanganyiko huo ni joto. Kwenye nyuzi 312 hivi za Selsiasi usumaku wote hutoweka, na ushupavu hulegea mapema zaidi, jambo baya kwa mota ya gari la umeme. Dawa ni kuongeza metali iitwayo disprosi, yenye wingu lililobonyea pia na ubishi mkubwa zaidi. Lakini usumaku wake huelekea kinyume na ule wa chuma, kwa hiyo kila atomu yake inapunguza nguvu. Ndiyo maana siku hizi viwanda huipenyeza kwenye kingo za punje za sumaku tu, kwani huko ndiko kugeuka kunakoanzia.