Rufaa ya Chumba cha Pili

Mtoto wa miaka saba anachafua chupi karibu kila siku. Nyumbani amefokewa, amechapwa, amenyimwa kucheza. Shuleni wenzake wamempa jina. Daktari wa watoto akimpapasa tumbo anakuta choo kigumu kimejaa, na hapo ndipo kisa kinapobadilika: huyu hajinyei kwa uvivu. Siku moja alipata choo kilichomuumiza, akaogopa, akaanza kujizuia. Choo kinachozuiwa hukauka na kuwa kikubwa, kikatanua puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo. Puru iliyotanuka haitoi tena taarifa nzuri kwamba imejaa, na choo laini kinachotoka juu hupenya pembeni na kuvuja. Mtoto anapoapa kwamba hakuhisi kitu, anasema kweli.

Dawa ya kulainisha choo itamsaidia sana, ila hofu yake haitaondoka kwa dawa. Lazima afundishwe upya kukaa chooni. Kuna wakati mzuri wa kufanya hivyo: chakula kinapoingia tumboni, utumbo mpana huamka na kusukuma, kwa hiyo mtoto akae dakika tano hadi kumi baada ya mlo, miguu ikiwa imeegemea kitu ili isining'inie. Asifiwe kwa kukaa, hata kama hakuna kilichotoka. Adhabu zikome kabisa, kwa sababu kila kiboko kinaongeza woga, na woga ndio uliomfanya ajizuie tangu mwanzo. Kumweleza mzazi haya yote, kuchora picha ya utumbo mbele ya mtoto mpaka aelewe, kisha kupanga nao ratiba ya wiki mbili, ni kazi ya nusu saa. Daktari mwenye foleni mlangoni hana nusu saa hiyo.

Anayeifanya kazi hiyo ni mwanasaikolojia wa watoto, na nchini Marekani fani yake ina historia inayojulikana. Mwaka 1965 Jerome Kagan aliandika akitaka tiba ya watoto na saikolojia ziungane. Mwaka 1967 Logan Wright akaeleza mtaalamu huyo anapaswa kuwa mtu wa namna gani, na mwaka uliofuata wanasaikolojia hao wakaanzisha chama chao. Huko Chapel Hill, North Carolina, katika miaka ya 1970, Carolyn Schroeder na wenzake walifanya kazi ndani ya kliniki ya kawaida ya watoto, wakatenga hata saa maalumu ya wazazi kupiga simu na kuuliza: mtoto halali, mtoto anang'ata wenzake, nifanyeje?

Lakini je, kukaa jengo moja na daktari kunaleta tofauti yoyote? Jibu lililonigusa kuliko yote lilitoka Pennsylvania. David Kolko na wenzake walichukua kliniki 8 za watoto na watoto 321 wa miaka 5 hadi 12, wenye matatizo ya tabia, ya kutotulia au ya wasiwasi. Kundi moja lilitibiwa papo hapo kliniki, na wahudumu waliofunzwa afya ya akili wakishirikiana na daktari wa mtoto. Kundi la pili lilipewa maelezo, likasaidiwa kupata rufaa ya kwenda kwa wataalamu kwingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliotakiwa kutibiwa palepale walianza matibabu kwa asilimia 99.4, na asilimia 76.6 wakayamaliza. Wa rufaa walioanza ni asilimia 54.2. Waliomaliza ni asilimia 11.6 tu.

Tazama tena hiyo 11.6. Wale ambao hawakumaliza ni wazazi walioona tatizo, wakakubali msaada, wakaelekezwa pa kwenda. Sioni uzembe hapo. Naona siku nyingine ya kazi inayopotea, nauli nyingine, kusimulia upya aibu ya nyumbani mbele ya mgeni. Katika kliniki zenye mwanasaikolojia, daktari hutoka chumbani, akamwita mwenzake na kumtambulisha kwa mzazi palepale. Imani ambayo familia imeijenga kwa daktari inahamia kwa huyu wa pili.

Mwaka 2015 Joan Asarnow na wenzake walikusanya tafiti 31 za huduma ya aina hii, zenye washiriki zaidi ya 13,000. Walikadiria kwamba ukimchukua mtoto mmoja aliyepata huduma iliyounganisha tiba ya mwili na ya akili na mmoja aliyepata ya kawaida, uwezekano wa yule wa kwanza kuwa na hali bora ni asilimia 66. Si muujiza, na mtoto mwenye ugonjwa mzito wa akili bado atahitaji bingwa na muda mrefu. Hata hivyo ni faida ya kweli, na inawafikia watoto ambao rufaa ya karatasi ingewapoteza njiani.

Afrika Mashariki tuna kliniki ya mama na mtoto, mahali ambapo mzazi tayari anakwenda kupima uzito na kupata chanjo. Nyingi hazina mwanasaikolojia, na wanaopanga ajira za afya wanapaswa kuanza kumweka hapo badala ya kumwacha katika hospitali kubwa peke yake. Kwa sasa, mzazi, unapompeleka mwanao kwa kikohozi au homa, mwambie mhudumu pia kuhusu usingizi wake, choo chake na hofu zake, hata kama hukuulizwa.