WAYA UNAOKAA NDANI YA MOYO

Moyo wa mtu mzima hupiga kama mara 70 kwa dakika. Piga hesabu: kwa siku moja ni kama mara 100,000!

Wako watu ambao moyo wao hupiga polepole mno. Huzimia, na wengine hufa. Mtu wa namna hiyo huweza kuwekewa kidude chenye betri chini ya ngozi, karibu na bega. Waya hutoka kwenye kidude, hupita ndani ya mshipa wa damu mpaka moyoni. Moyo ukichelewa, umeme kidogo sana hupita kwenye waya na kuushtua.

Mtu wa kwanza kuwekewa kidude mwilini ni Arne Larsson wa Sweden, tarehe 8 Oktoba 1958. Kile cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu! Alibadilishiwa zaidi ya mara 20. Alifariki mwaka 2001, akiwa na miaka 86.

Siku hizo nyaya zilisumbua sana. Ndugu msomaji, chukua kipande cha waya ukikunje huku na huku. Hakichukui muda, kinakatika. Basi waya wa moyoni hukunjika kila moyo unapopiga, usiku na mchana. Ukikatika, mgonjwa yuko hatarini, hata kama betri ni nzima.

Huko Buffalo, Marekani, Daktari William Chardack aliusokota waya kama springi ya kiti cha baiskeli. Springi haikunjiki mahali pamoja. Kila duara hupokea sehemu yake kidogo. Tena alitumia madini yasiyoshika kutu.

Mwenzake, fundi Wilson Greatbatch, alikuwa amebuni kidude chenyewe. Mwaka 1962 alipata hataza. Hataza ni hati ya serikali. Mwingine haruhusiwi kutengeneza wala kuuza kitu hicho bila ruhusa ya mwenye hati. Wengi hudhani hataza ni kuficha siri. Sivyo hata kidogo! Mvumbuzi lazima aeleze wazi jinsi kitu kinavyotengenezwa, na kila mtu aweza kusoma. Siku hizi, katika nchi nyingi, hataza hudumu miaka 20 tangu kuombwa. Baada ya hapo, fundi yeyote ni ruksa.

Mwaka 2016 Marekani iliruhusu kidude kisicho na waya, kidogo kama kidonge, kinachokaa ndani ya moyo wenyewe. Lakini hakimfai kila mgonjwa. Wenye waya bado hurudi hospitali kupimwa, na waya nao hupimwa.