Ukungu wa Filamu Katika Joto la Likoni

Negativu ya picha nyeusi na nyeupe huwa na kiza kidogo hata pale ambapo mwanga haukufika kabisa, na kiza hicho kina asili mbili: kitako cha plastiki kinachobeba utando wa dawa, ambacho katika filamu nyingi za milimita 35 hutiwa kijivu makusudi ili mwanga usisambae ndani yake, na ukungu, yaani chembe za fedha zinazogeuka nyeusi wakati wa kusafisha filamu ingawa hazikupigwa na mwanga. Jumla ya viwili hivyo hupimwa kwa densiti, kipimo cha logarithi kinacholinganisha mwanga unaoingia na unaopenya, hivi kwamba densiti ya 0.3 ina maana kuwa ni nusu tu ya mwanga iliyopita.

Kitako hakizeeki upesi. Ukungu ndio unaokua, ukichochewa na joto, unyevu na umri, na filamu za kasi kubwa ndizo zinazotangulia kuharibika. Kwa hiyo takwimu ya kiwandani, inayohusu filamu mpya iliyotunzwa vizuri, haimtoshi anayefanya kazi Shelly Beach, ufuoni mwa Likoni mjini Mombasa, ambako miezi ya kaskazi hupandisha joto la mchana kupita nyuzi 30 na ambako maji ya bomba ni nadra kukaribia nyuzi 20 ambazo dawa nyingi za kusafishia huandikiwa. Wapigapicha wa kivuko cha Likoni, ambao mwanaanthropolojia Heike Behrend aliandika makala juu yao, walifanya kazi katika hewa hiyohiyo.

Njia ya kutenganisha kitako na ukungu ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kipande cha filamu isiyopigwa hutiwa moja kwa moja katika fiksa, dawa inayoyeyusha chumvi za fedha zilizobaki, nacho huonyesha kitako peke yake. Kipande cha pili husafishwa kikamilifu kabla ya fiksa, na tofauti ya densiti zao ndiyo ukungu. Asiye na densitomita aweza kutumia kamera yenye kipimamwanga cha doa juu ya meza ya mwanga, akihesabu kila stopu moja, yaani kila mwanga unapopungua kwa nusu, kuwa 0.3, ingawa tofauti ndogo zitamponyoka.

Ukungu uliotanda sawasawa hurefusha tu muda wa kuchapa picha. Hasara yenyewe iko vivulini, kwa kuwa kasi ya filamu hupimwa pale densiti inapozidi kiza cha kitako na ukungu kwa 0.1, na ukungu mzito humeza tofauti hiyo ndogo. Filamu ihifadhiwe ndani ya friji ikiwa imefungwa, na ikitolewa isifunguliwe hadi ipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa bahari utatua juu yake papo hapo.