Urekebishaji wa Hitilafu za Kukompaili Zinazoibuliwa na Upimaji Otomatiki wa Kerneli ya Linux: Mtazamo kutoka Tukuyu, Wilaya ya Rungwe

Mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe katika Mkoa wa Mbeya, hauna kampuni inayounda mifumo endeshi. Hata hivyo, kerneli ya Linux imo mjini humo kila siku: imo ndani ya simu za Android zinazouzwa madukani na ndani ya vifaa vidogo vinavyosambaza intaneti maofisini. Vifaa vingi vya bei nafuu vya aina hiyo vimejengwa juu ya prosesa za biti 32, ilhali watunzi wengi wa msimbo wa kerneli huandika na kuijaribu kazi yao katika kompyuta za biti 64. Tofauti hiyo ni chimbuko la hitilafu ambazo mtunzi hawezi kuziona mezani pake. Makala haya yanaeleza namna roboti za upimaji zinavyozigundua hitilafu hizo, namna zinavyopaswa kurekebishwa, na kwa nini marekebisho ya juujuu yanaweza kumdhuru mwenye kifaa cha bei nafuu kuliko hitilafu yenyewe.

Kerneli ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haikompailiwi kwa namna moja. Ina chaguo zaidi ya 10,000, na mengi yake yanaweza kuwashwa au kuzimwa. Mengine huweza pia kujengwa kama moduli inayopakiwa baadaye. Chaguo 20 tu zenye hali mbili huzaa michanganyiko 1,048,576. Ni dhahiri kwamba hakuna mtu wala taasisi iwezayo kuijaribu michanganyiko yote. Kinachowezekana ni kuchukua sampuli, na hiyo ndiyo kazi ya roboti ya upimaji wa kerneli inayoendeshwa na kampuni ya Intel. Roboti hiyo hufuatilia hazina za msimbo za watunzi mbalimbali, huzichagua hali za chaguo kwa kubahatisha, na kukompaili kwa ajili ya aina nyingi za prosesa. Wapo pia watu wanaofanya kazi hiyo kwa mikono yao. Arnd Bergmann, kwa mfano, amejulikana kwa miaka mingi kwa marekebisho yatokanayo na majaribio ya kubahatisha, hasa katika prosesa za ARM.

Mkulima wa chai wa Katumba au Mwakaleli hahitaji maelezo marefu kuhusu utaratibu huu. Majani mabichi hukaguliwa kituoni kabla ya kupelekwa kiwandani, kwa kuwa yakishachanganyika hakuna awezaye kusema majani mabovu yalitoka shamba la nani. Katika kerneli, hata hivyo, roboti ina uwezo ambao mkaguzi wa chai hana: inaweza kurudi nyuma baada ya mchanganyiko. Ikikuta kwamba msimbo wa leo haukompailiki na wa juma lililopita ulikompailika, huligawa kundi la mabadiliko ya katikati mara mbili, hujaribu, kisha hugawa tena nusu yenye kasoro. Mabadiliko 1,000 huhitaji takribani majaribio 10 tu kabla ya kulipata badiliko moja lenye kosa.

Matokeo hutumwa kwa mtunzi yakiwa na utambulisho wa badiliko hilo, faili la hali za chaguo, jina na toleo la kompaila, na ujumbe wa kosa wenyewe. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mwanafunzi aliyeko Tukuyu. Historia yote ya msimbo wa kerneli ni gigabaiti kadhaa, na kuikompaili kerneli nzima katika kompyuta ya kawaida huchukua muda mrefu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, subira huisha. Lakini sehemu ghali zaidi, yaani kumtafuta mkosaji, imekwisha kufanywa na roboti. Mwanafunzi anaweza kupakua toleo moja tu bila historia yake, kuweka faili la chaguo lililotajwa, na kukompaili faili moja lenye kosa.

Mfano wenye mafunzo mengi ni ule wa kugawanya namba. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 8 ina takribani baiti 8,000,000,000. Namba kubwa kabisa isiyo hasi inayoweza kuandikwa kwa biti 32 ni 4,294,967,295, hivyo ukubwa wa kadi hiyo lazima uhifadhiwe kwa biti 64. Mtunzi akitaka kujua kadi ina vipande vingapi, huandika alama ya kugawanya kama mwanafunzi yeyote wa lugha ya C. Katika kompyuta yake ya biti 64, prosesa ina amri ya kugawanya namba hiyo, na kazi inakwisha. Prosesa ya ARM ya biti 32 haina amri hiyo. Kompaila, kwa kulijua hilo, huweka wito wa kazi saidizi iitwayo __aeabi_uldivmod, ambayo hupatikana katika maktaba ya kompaila. Kerneli ya ARM haiunganishwi na maktaba hiyo, kwa makusudi: ugawanyaji wa namna hiyo ni wa polepole, na watunzi wakuu wanataka uonekane wazi katika msimbo badala ya kujipenyeza kimyakimya. Kwa hiyo ujenzi hukwama kwa ujumbe kwamba kazi hiyo haijulikani. (Kwa usahihi, kosa hili hutokea katika hatua ya kuunganisha, si ya kukompaili, ingawa mazungumzo ya kila siku hayatofautishi.) Kigawanyo kikiwa 512 kilichoandikwa waziwazi, kosa halitokei, kwa sababu kompaila hubadili ugawanyaji kuwa usogezaji wa biti. Ndiyo maana kosa hili huweza kujificha mpaka siku mtu anapobadili namba iliyo wazi kuwa kigeu.

Mtunzi mwenye haraka anaweza kuibana namba kubwa iwe ya biti 32 kabla ya kuigawanya. Roboti itanyamaza. Lakini 8,000,000,000 ikibanwa hubaki 3,705,032,704, na kadi iliyopaswa kuwa na vipande 15,625,000 vya baiti 512 itahesabiwa kuwa na 7,236,392. Kosa lililokuwa likionekana na kila mtu limegeuzwa kuwa kosa lisiloonekana na yeyote isipokuwa mwenye kifaa, ambaye yumkini atamlaumu muuza kadi. Marekebisho halali ni kutumia div_u64, au div64_u64 iwapo kigawanyo nacho ni cha biti 64. Ipo pia do_div, ya zamani zaidi, ambayo huwanasa wageni: hubadili namba inayogawanywa papo hapo na kurudisha baki, si hisa.

Aina ya pili hutokana na chaguo zenyewe. Sehemu moja ya kerneli huita kazi iliyomo katika sehemu nyingine, na roboti huizima sehemu hiyo ya pili. Hapo kwa kawaida huwekwa, katika faili la kichwa, kazi tupu yenye jina lilelile kwa ajili ya hali ya kuzimwa. Tatizo gumu zaidi ni pale sehemu inayoita inapojengwa ndani ya kerneli na inayoitwa ikawa moduli: kerneli haiwezi kutegemea kitu ambacho bado hakijapakiwa. Suluhisho lake huandikwa kwa sentensi inayowashangaza wengi, kwamba sehemu A inategemea B au kutokuwapo kwa B. Kimantiki inaonekana haisemi kitu. Katika mfumo wenye hali tatu, maana yake ni kwamba B ikiwa moduli, A nayo isizidi kuwa moduli.

Maonyo ya kompaila nayo yamo katika mkondo huu. Mwaka 2021, wakati wa maandalizi ya toleo la 5.15, Torvalds aliamuru kila onyo lihesabiwe kuwa kosa; muda mfupi baadaye agizo hilo lililegezwa, kwa kuwa ujenzi wa watu wengi ulikwama.

Marekebisho yakikamilika, ni busara kuyakompaili walau mara tatu kabla ya kuyatuma: kwa faili la chaguo la roboti, kwa biti 64, na sehemu husika ikiwa moduli. Maelezo ya kiraka humtaja aliyeripoti, hata akiwa roboti, na mstari wa Fixes huonyesha walau herufi 12 za mwanzo za utambulisho wa badiliko lenye kosa. Mstari huo huwasaidia watunzaji wa matoleo ya zamani kujua ni matoleo gani yanahitaji kiraka hicho. Kutoka hapo mpaka kwenye simu iliyoko Tukuyu bado kuna hatua moja ambayo roboti haina mamlaka nayo, nayo ni mtengenezaji wa simu kukubali kutoa toleo jipya.