Kabla ya kununua kitabu cha kaseroli, fungua ukurasa wa maharage

BIBI harusi mtarajiwa akitoka kwenye kichenpati, kati ya masufuria, hotipoti na vikombe huenda akakuta kitabu kinene chenye picha za kuvutia za kaseroli, yaani chakula cha mchanganyiko kinachopikwa taratibu ndani ya chombo kimoja chenye mfuniko, aghalabu kwenye oveni. Je, kitamfaa akifika jikoni kwake Manyoni au Kiomboi, au kitaishia juu ya kabati?

Oveni isimtishe. Anayejua kuoka keki kwa sufuria, makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko, anaweza kupika kaseroli. Ajue tu kwamba nyuzi 350 za vitabu vya Marekani ni za Farenhaiti, takriban 180 za Selsiasi.

Ukurasa wa kutazama kwanza ni wa maharage. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili, aina ya lektini, inayoweza kumtapisha na kumharisha mlaji ndani ya saa chache. Moto mdogo wa kaseroli hauimalizi. Kitabu cha kuaminika kitamwambia mpishi aloweke maharage kwa saa tano au zaidi, amwage maji yale, kisha ayachemshe kwa moto mkali kabla ya kuyachanganya na vingine. Dakika 10 za kutokota ndicho kiwango cha chini, na wapo wataalamu wanaoshauri 30. Mpishi wa makande hana shida hiyo, kwani huyachemsha mpaka yaive. Hatari ni kitabu kinachomwambia mwali ayatie makavu na kuyaacha yajipikie polepole. Kikisema hivyo, kirudishwe dukani.

Kisha chumvi. Kaseroli ya maharage machanga, maarufu sana Marekani, ilibuniwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly, mfanyakazi wa Campbell Soup, na ndani yake mna supu ya uyoga ya kopo. Si ajabu, kampuni ilikuwa inauza supu! Vyakula vya namna hiyo mara nyingi huja na chumvi nyingi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Nyumba yenye mzee mwenye presha haina nafasi ya mchezo huo.

Kuhusu kuku, dakika 45 za kitabuni ni za kuku wa kisasa. Jogoo wa kienyeji wa Singida ataucheka muda huo. Siagi nayo inaweza kupisha mafuta ya alizeti, tena kwa kiasi.

Kitabu chenye kunde, maboga, mboga na nyama kidogo katika chungu kimoja kinastahili kununuliwa, hasa kwa mama anayerudi kazini jioni. Lakini kama kila pishi linaanza kwa kufungua kopo, pesa hiyo afadhali ikanunue kuku.